Vidole vya Fundi Saa

Fundi saa alikuwa ameinamia saa ndogo ya kike, lenzi imembana jicho la kulia, aliposikia ubaridi wa skrubu kwenye ncha ya kidole. Akasita. Akaishusha ile skrubu, akaiokota tena. Ilikuwa kweli. Akamwomba radhi mteja ambaye hata hajamaliza kueleza shida yake, akafunga kibanda asubuhi ile ile, akatimua mbio kwenda kwa dada yake.

Kwa miezi kadhaa vidole vile vilikuwa kama vya mtu mwingine. Ganzi ilianzia nyayoni, mithili ya sisimizi wanaotambaa, ikahamia mikononi, na skrubu zikawa zinamponyoka na kupotelea sakafuni. Kupanda ngazi tano tu kulimwacha hoi. Alinunua dukani kopo la vidonge vya vitamini, vyekundu na vya njano, lenye picha ya mtu aliyetunisha misuli. Wiki tatu alivimeza, hakuona lolote.

Dada yake, mpishi wa shule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alipoliona lile kopo alilitupa jaani. Alisema vitamini haitoki kiwandani, inatoka sokoni. Tangu siku hiyo ikawa mayai kila asubuhi, maini, samaki, maziwa, mboga za majani bakuli zima, naye kasimama pembeni mpaka sahani ing'ae. Fundi akaota mashavu, lakini ganzi haikubanduka. Siku aliposhindwa kufunga vifungo vya shati lake, dada alimfungia, kisha akamshika mkono hadi kliniki.

Daktari alimpima damu akakuta vitamini B12 iko chini kabisa. Dada aliona kama katukanwa yeye.

"Daktari, huyu anakula maini kuliko paka wa buchani," alisema. "Hiyo vitamini inakwenda wapi?"

Daktari alieleza taratibu kwamba maini, mayai, samaki na maziwa ndivyo hasa vyenye B12, ila tumbo la fundi limeacha kuifyonza, inapita tu. Vile vidonge vya dukani navyo vilikuwa na kiasi kidogo mno kwa tumbo kama lake. Angehitaji sindano, mwanzoni mara kwa mara, baadaye moja kila baada ya miezi kadhaa, maisha yake yote.

"Kwa hiyo nimepika bure?"

"Hujapika bure, mama. Mwili unataka mengi, na hayo mengine anayapata kwako. Hili moja tu tutamsaidia sisi."

Dada alirudi nyumbani kanuna. Lakini kila siku ya sindano yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Sasa, wiki ya sita ya sindano, fundi aliingia jikoni shuleni akihema na kumwambia kwamba ameihisi skrubu. Dada hakutaka kufurahi haraka. Alimfunga macho kwa aproni yake, akamtilia kitu kiganjani.

"Choroko," alisema fundi.

Akatia kingine.

"Mtama."

Mara ya tatu dada alichagua kwa makusudi kitu kidogo zaidi. Fundi alivisugua vidole polepole, midomo ikimcheza. "Ufuta," akasema. "Punje mbili."

Dada alipiga kigelegele hadi wapishi wenzake wakaacha sufuria zao. Alimzungusha ndugu yake katikati ya magunia, anacheka, anapangusa machozi kwa kiwiko, na kila aliyeingia alihadithiwa upya habari ya punje mbili.

Kisha akatulia ghafla. Alikumbuka daktari alisema shida ile huweza kuwapata wa familia moja. Akamuuliza ndugu yake kama kule kliniki wanapima watu saa hizi. Fundi akasema wanapima.

Dada akamkabidhi mwenzake mwiko na kutangulia getini kwa hatua ndefu. Ilibidi fundi akimbie ndipo amfikie.