Tembo Chini, Wazee Juu

Mjomba Yasini alitoka Mbekenyera alfajiri, akapitia Ruangwa na Nachingwea, akafika kwetu Kilimarondo saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Mama hakumsalimia. Mjomba naye alinigeukia mimi.

"Zuleha, mwambie mama yako anionyeshe huo msitu alioupanda kwenye shimo langu."

Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikamwambia.

Miaka sita walikuwa hivyo. Machimbo ya kokoto yalipofungwa yawe hifadhi ya kijiji, mama ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono mkutanoni, na shimo kubwa kuliko yote lilikuwa la kaka yake. Mjomba akahama, na tangu siku hiyo kila neno lao linapita kwangu. Mtu akibebeshwa maneno miaka sita hujifunza kuyachuja. Matusi niliyaacha njiani, salamu nikazitunga mwenyewe, na hakuna aliyenishukuru.

Kisha akaja Fidelis, fundi umeme wa Nachingwea, Mkatoliki. Tulitaka ndoa ya bomani, kila mtu abaki na dini yake. Mama akasema yeye hana neno mjomba akikubali, maana kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Mjomba akasema yeye ni nani hata akatae, kama mama mtu ameridhia. Basi nikamwambia mama kuwa mjomba amekubali, nikamwambia mjomba kuwa mama ameridhia. Posa ilikuwa ije Jumamosi.

Kwa hiyo siku ile, tukiteremka shimoni, nilitembea katikati yao nikiomba wazidi kununiana. Mama alinituma nimwambie mjomba kwamba mininga ile ameimwagilia kwa ndoo, mti kwa mti. Mjomba akalitazama bwawa lililojaa pale alipokuwa akiponda mawe, kisha akaniambia nimwambie mama kuwa ndege ni wengi. Hilo nililifikisha bila kuongeza sukari.

Tulikuwa tumeshafika chini kabisa tembo walipoingia kunywa maji. Walikuwa wanne na mtoto wao, na walipita kwenye njia pekee ya kutokea shimoni. Utaratibu wa hifadhi ni kupanda juu ya jiwe na kunyamaza. Lipo jiwe moja kubwa ambalo hata baruti ilishindwa kulipasua. Mjomba alitangulia, akainama.

"Dada, nipe mkono."

Mama akampa. Wakakaa bega kwa bega, nami nyuma yao. Nilitaka kulia kwa furaha, kisha nikakumbuka nilichokifanya. Sikuweza kushuka, sikuweza hata kukohoa.

"Kaka," mama alinong'ona, "ulivyomkubali yule kijana, nililia wiki nzima. Lakini neno lako ni neno."

Mjomba akamkazia macho. "Nimemkubali mimi? Si wewe uliyeridhia?"

Wote wawili wakanigeukia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia juu ya jiwe.

Nikawaeleza kwa kunong'ona. Nilisema nampenda Fidelis, nina miaka thelathini na moja, na nimechoka kutupwa huku na huku kama mpira. Mama alilia bila sauti. Mjomba alimuuliza yeye, si mimi, angejibu nini kama angeulizwa peke yake. Mama akasema angekataa. Mjomba akasema hata yeye. Kumbe kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake akatae kwa niaba yake.

Miaka sita niliomba Mungu hawa watu waongee. Sasa waliongea, vichwa vimegusana, wakakubaliana neno moja bila mabishano, wala sijawahi kuwachukia kama saa ile.

"Posa isije," mjomba alisema. "Mpigie sasa hivi, umwambie kama tulivyosema."

Nikamjibu kuwa nitampigia tukishashuka. Akanionyesha bwawa. Tembo walikuwa wakijimwagia maji, hawana haraka. Na kwa bahati mbaya, juu ya jiwe lile mtandao unashika kuliko kijijini.

Fidelis alipokea hapohapo, akaniuliza kwa furaha kama wazee wamepatana.

Nikamwambia ndiyo, wamepatana.