Shikamoo ya Granaiti

Tangazo kwa taifa zima: usiku wa jana niliota ndoto ya kisayansi, ambayo vizazi vijavyo vitaisoma kwa heshima. Ndani yake nimevaa taulo.

Nipo bwaloni, kwenye foleni ya ugali. Mbele yangu yamejipanga mawe yote ya Mwalimu Nyanjige wa jiografia, kila jiwe na sahani yake. Mkubwa kwa umri ndiye anayepakuliwa kwanza. Nyuma kabisa, Granaiti analia.

"Mimi nilikuwepo kabla ya samaki," ananiambia, "leo namwamkia tofali!"

Kweli, kifuani ana kikaratasi: TOFALI, LA MWAKA JUZI. Tofali naye, mwenye kikaratasi cha Granaiti, yuko mbele anakohoa kizee. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

Bwalo linageuka mahakama. Hakimu ni Urani, chembe ya metali ya mnururisho iliyomo ndani ya mawe, mdogo kiasi kwamba tunaiheshimu sauti yake tu. Karani ni pacha wake: jina moja, tabia moja, ila mmoja kamzidi mwenzake uzito.

"Sisi ni isotopu," wanasema kwa pamoja, kama watu wa ukoo mkubwa.

"Umri wa jiwe naujua mimi," anaendelea Hakimu. "Nakaa ndani yake nikigeuka risasi polepole, ile metali nzito ya kijivu. Nusu yangu inageuka, kisha, baada ya muda uleule, nusu ya iliyobaki, hivyo hivyo. Ukipima nilivyogeuka, umepata umri. Nani kabadilisha vikaratasi?"

"Sijui, mheshimiwa."

Nusu yangu inageuka risasi, kuanzia miguu mpaka kiunoni. Inapendeza kidogo.

"Nauliza tena."

"Labda panya."

Nusu ya iliyobaki inageuka. Kifua nikikigonga kinalia ngo.

"Uongo mmoja zaidi," anasema Hakimu, "tutakutumia kuzuia mlango wa bwalo."

Mawe yanashangilia. Nafumbua macho.

Asubuhi. Mwalimu Nyanjige amesimama mlangoni mwa bweni.

"Nani kachezea mawe yangu?"

"Mwalimu, labda ni pa..." naanza.

Kitanda kinalia. Springi zinashuka, zinashuka, mpaka kwa Mwakatobe, anayelala kitanda cha chini.

"Lusajo, sema ukweli!" anapiga kelele. "Unaniponda, kaka!"

Mwalimu anazitazama springi. Ananitazama mimi, mwembamba kama mpini wa fagio.

"Shikamoo, Mwalimu," nasema. "Ni mimi niliyebadilisha vikaratasi. Tofali nililiokota nyuma ya jiko."

Springi zinanyooka zenyewe.