Mheshimiwa wa Kunyoosha Miguu

Kila mtu katika jengo la bunge la jimbo alijua kwamba Mheshimiwa Delmar Rasch hutoka. Anakokwenda ndiko kulikokuwa hakujulikani.

Kura nyepesi alikaa. Lakini ikija kura ya kuchemsha tumbo, ya bunduki, ya kasino, au yoyote ambayo nusu ya watu wake wangemnunia kanisani, basi kabla tu ya katibu kuanza kuita majina, Mheshimiwa alifunga kifungo cha koti, akasema "nanyoosha miguu kidogo", na huyoo. Miguu yenyewe mirefu kama ya korongo, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Akirudi, kura imekwisha, kwenye kumbukumbu wameandika "hayupo", naye anaketi akipangusa mdomo kama mtu aliyetoka harusini.

Huko kupangusa mdomo ndiko kulikomkosesha Ardith Kolb raha.

Ardith alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mwenyeji wa Pell Creek, mji uleule wa Mheshimiwa. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akiwatazama watoto wa watu kupitia kioo cha juu ya usukani, na alijua kwamba mtoto anayepangusa mdomo amekula kitu. Linalobaki ni kuuliza amekula nini, na ni cha nani. Delmar mwenyewe alipanda basi lake tangu akiwa na meno ya utoto, kiti cha pili kushoto. Basi siku moja ya Februari, wabunge wenzake wakiwa wanamtafuta Mheshimiwa kwenye vyoo vya wanaume, Ardith, aliyekuja bungeni kusikiliza, alifuata harufu ya mdalasini. Ikamshusha ngazi, ikampitisha kwenye mabomba ya mvuke, ikamfikisha chini kabisa ya jengo, kwenye kikaunta chenye viti virefu vinne. Mwenye kikaunta, Leon Tibbs, alikuwa kipofu, na alikuwa amepika kahawa pale miaka mingi kuliko aliyokaa mbunge yeyote bungeni. Mbele yake alikaa Mheshimiwa, shingo imeinama juu ya kipande cha pai ya mapichi.

Ardith alirudi juu bila kumwambia mtu. Sasa alijua wapi. Alichotaka kujua ni kwa nini, na hilo halikuwa swali la kuuliza mbele za watu.

Mwezi Machi ukaja mswada wenyewe.

Kiangazi kilichopita, Ardith na wanawake wenzake wa Klabu ya Sanduku la Kura walikuwa wamesimama juani nje ya maduka na viwanja vya mpira wakikusanya saini, ili Novemba wananchi waamue wenyewe: je, mwanamke na daktari wake waachiwe mambo ya mimba yake, au daktari aendelee kumpigia wakili simu kabla ya kumshika mgonjwa? Saini zilitosha. Ili kupita, ilihitajika nusu ya kura na moja juu yake, na kila aliyekuwa na masikio alijua nusu ingepatikana. Ndipo mswada ukatungwa: kuanzia sasa, jambo lililoletwa na wananchi lisipite mpaka lipate kura sitini katika kila mia. Sitini hazingepatikana, na waliotunga walijua.

Kamati ilikuwa na watu tisa. Hesabu ingekuwa watano kwa wanne, na wa tano, wa kuamua upande upi ushinde, alikuwa Delmar Rasch.

"Tunachohitaji ni asitoke tu," alisema Rosalind Teague, rais wa klabu, ambaye alifundisha uraia sekondari mpaka wanafunzi wake wakawa majaji. "Ni mtu mwema yule. Mtu mwema akikaa mbele ya kura, moyo wake utamwongoza."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yao. Klabu haikumwambia mtu ampigie nani, ilimwambia apige. Walivaa beji za njano zilizoandikwa PIGA KURA. Waliwahi kuwatoa vikongwe vitandani, na mwaka mmoja walimchepusha bwana harusi njiani kwenda kanisani, bibi harusi akisubiri na maua. Kwa hiyo waliketi jikoni kwa Rosalind na sahani ya vidakuzi, wakamwandikia Mheshimiwa fungu zima la kadi za posta, kila moja kwa mkono: *Safari hii usitoke. Kaa upige kura.* Ardith aliandika yake, akachora basi dogo pembeni.

Siku ya kamati, ambayo pia ilikuwa siku ya mwisho kwa miswada kutoka kamatini, theluji ilikuwa inayeyuka na chumba kilinuka makoti mabichi. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Kulikuwa na taa ndogo mezani: kijani, sema, manjano, malizia, nyekundu, mwenyekiti anakushukuru hata kama umebaki na sentensi mdomoni.

Ardith alisimama akaeleza habari za binti yake, Corinne. Mimba ya miezi minne, chupa ikapasuka mapema, mtoto hana namna ya kupona. Daktari akasema anajua la kufanya, ila sheria inamtaka asubiri mpaka mama aumwe zaidi. "Wakatuambia tusiende mbali," Ardith alisema. "Tukakaa kwenye maegesho ya hospitali, ndani ya gari langu, tunasubiri homa. Mwanangu ananiuliza, mama, hivi nimeshaumwa vya kutosha? Mimi nikamgusa..."

Taa nyekundu. Mwenyekiti akamshukuru.

Alirudi kukaa akiwa bado yuko kwenye maegesho. Mheshimiwa Rasch alikuwa amemkazia macho, kalamu imesimama hewani.

Wasemaji walipokwisha, mwenyekiti akatoa mapumziko ya dakika kumi kabla ya kura. Watu wakamiminika ukumbini. Rosalind alimnyooshea kidole kwa mbali yule korongo aliyekuwa anawapita walinzi. "Angalieni, hatoki kwenda kujificha. Yuko hapahapa, anatembea mbele ya mlango. Jamani, tumempata."

Mheshimiwa alikuja moja kwa moja kwa Ardith, akainamisha kichwa.

"Mama Kolb. Ile taa ilikukata."

"Kazi yake kukata."

"Nilitaka kukuuliza. Baada ya pale kwenye maegesho. Mlifanyaje?"

Ardith alimtazama kama alivyokuwa akimtazama kwenye kioo. Uso ulikuwa uleule wa kiti cha pili kushoto, umeongezewa mashavu tu. Akataka kumjibu, lakini lile swali lake la Februari likamtangulia, na likatoka na sura nyingine.

"Delmar, kabla sijakujibu. Leo hutoki?"

"Sitoki." Akapiga mfuko wa koti, zile kadi zilikuwemo, zimefungwa kwa mpira. "Nimesoma zote. Hata ile yenye basi. Nimewaahidi kina mama, nitakaa nipige kura."

"Unapiga ipi?"

Mheshimiwa akakohoa. "Hamkuniuliza hilo."

"Nakuuliza sasa."

"Ya ndiyo, Mama Kolb."

Ukumbi ulikuwa umejaa kelele, Ardith akadhani amesikia vibaya, lakini uso wa Delmar ulimwambia masikio yake hayana kosa. "Lile daraja bovu la Pell Creek," Delmar alisema taratibu. "Unalijua. Basi lako limelizunguka miaka mingapi? Spika wa bunge ananipa daraja jipya, mimi nimempa neno kwamba sitapiga hapana dhidi ya mswada wake. Na ninyi nimewapa neno kwamba sitatoka. Sasa nihesabie mwenyewe, kimebaki nini?"

Ardith alihesabu. Kimebaki ndiyo.

Akageuka kumtazama Rosalind na wenzake, beji zao za njano zikimeremeta kama bata wadogo, wanacheka, wanapeana mikono. Wanawake wazima, wasomi, waliomfungia mtu mlango wa nyuma na ufunguo wakautupa. Bila zile kadi, saa hii Delmar angekuwa anashuka ngazi kwa hiari yake. Wanne kwa wanne, na mswada unaopata kura sawa kwa sawa unakufa.

Ardith alijua akienda kumwambia Rosalind zingeitishwa hoja, zingejadiliwa, zingeungwa mkono. Dakika kumi zilikuwa zimeshaliwa nyingi.

"Unataka kujua yaliyotokea baada ya maegesho?" alisema. "Mimi siwezi kusimulia hapa nimesimama kama mlingoti. Twende kwa Leon."

Mheshimiwa alishtuka. "Unapajua?"

"Mwanangu, unapangusa mdomo."

Walishuka. Leon aliwasikia tangu ngazi. "Miguu mirefu na mguu wenye goti bovu," alisema. "Leo umeleta mgeni, Mheshimiwa. Pai ni ya mapichi."

Wakakaa. Ardith alianza kwa kuwa mkweli, kwa sababu mtoto wa basi hadanganywi. "Delmar, ile kadi ya basi naichukua. Nakurudishia neno lako, sehemu yangu. Tulikuomba vibaya."

"Ni kadi moja hiyo. Zile nyingine?"

"Zile nyingine wenyewe wako juu. Za wenzangu sina mamlaka nazo."

"Basi bado nimefungwa."

"Bado," Ardith alikubali. "Lakini ulikuwa umeniuliza swali."

Akamsimulia. Homa ilipoanza kupanda hakurudi mlangoni pa hospitali, aliwasha gari. Aliendesha mpaka ng'ambo ya mpaka wa jimbo, saa tatu za barabara, Corinne amelala kiti cha nyuma, na kila taa nyekundu ya njiani aliipita, yeye ambaye hakuwahi kupata hata onyo. Kule walimtibu bila kumpigia wakili simu. Corinne yu hai, anafundisha kuogelea. Kiti cha nyuma kina doa ambalo hakuna sabuni iliyoliweza, na Ardith ameacha kulisugua.

Delmar hakugusa uma wake.

"Na sasa swali langu," Ardith alisema. "Kwa nini hapa? Bunge lina vyumba vingapi vya kujificha?"

"Hapa hakuna anayeniangalia usoni," alisema Delmar.

"Nashukuru," alisema Leon, akijaza kikombe bila kumwaga tone.

Ardith akacheka, na kicheko kilipoisha akauliza jambo ambalo kweli alikuwa hajawahi kulijua, maana Delmar alikuwa mfuga nyuki, na asali yake Ardith alikuwa akiila kila kifungua kinywa. "Hivi kundi likiondoka mzingani, likaning'inia pale mtini kama soksi, nani anaamua wahamie wapi? Malkia?"

"Malkia hana sauti, Mama Kolb. Yeye anabebwa tu." Delmar akasogeza sahani, mikono yake ilipata uhai. "Wanatoka wapelelezi. Huyu ameona tundu kwenye mti, yule ameona dari ya kanisa. Kila mmoja anarudi anacheza mbele ya wenzake, kuonyesha upande aliouona. Anayecheza kwa nguvu anapata wafuasi, wanakwenda kukagua, wanarudi, nao wanacheza."

Juu yao, mbali, kengele ya kamati ikalia.

Delmar akashusha mikono. Leon akasimamisha kitambaa. Ardith alishika kikombe kwa mikono miwili, akimtazama kijana wa kiti cha pili kushoto.

"Hiyo ni yangu," alisema Delmar.

"Najua."

Kengele ikanyamaza. Delmar akachukua uma, akakikata kipande cha pai pembeni, akala, akatafuna polepole mno.

"Sasa wale waliochagua dari ya kanisa," Ardith aliuliza, "wanapigana na wa kwenye mti?"

"Hapana. Ndilo la ajabu. Wengi wao wanaacha kucheza, basi."

"Na wenzao wanawaonaje?"

Delmar akafikiri. "Sijawahi kuwauliza."

Viatu vya mlinzi wa bunge vikashuka ngazi na kusimama kwenye kona, bila kutaka kuingia kwenye mvuke. "Leon," mlinzi aliita, "umemwona Mheshimiwa Rasch?"

"Bwana wee," alisema Leon, "mimi mwaka huu sijaona mtu hata mmoja."

Viatu vikapanda.

Walipofika juu, ukumbi ulikuwa umechafuka. Wanne kwa wanne, mmoja hayupo, mswada umekufia kamatini, na mwenyekiti alikuwa akipita na uso mwekundu kuliko ile taa yake. Nusu ya beji za njano zilikuwa zinakumbatiana, nusu nyingine hazikujua zishike wapi. Rosalind Teague alisimama katikati, mgongo umenyooka.

"Mheshimiwa," alisema. "Ulituahidi."

Delmar akatoa lile fungu la kadi, akamkabidhi. "Niliahidi, mama. Nimekosa. Nilikwenda kunyoosha miguu."

Angeweza kuondoka na kosa hilo hivyohivyo. Miguu ilimtosha kwa hilo pia. Ardith alimwona akifunga kifungo cha koti, akajua kwamba mwanamume aliyepoteza daraja asubuhi hiyo, maana Spika asingemsamehe mswada kufa, anataka kubeba na aibu ya klabu nzima.

"Rosalind, mwache," alisema. "Nilimtoa mimi. Angekaa, angepiga ndiyo. Sisi hatukumuuliza."

Rosalind aliziangalia kadi, moja baada ya nyingine, maandishi ya mkono wake mwenyewe juu kabisa. Halafu akaiangalia beji iliyokuwa kifuani mwa Ardith, kisha ya kwake.

"Klabu yetu," alisema taratibu, "imemzuia mtu kupiga kura."

"Mimi nimemuuliza habari za nyuki, huko chini kwa Leon, mbele ya pai. Lakini ndiyo."

"Na daraja?" Rosalind alimgeukia Delmar. Alikuwa amefundisha uraia, hakuhitaji kuelezwa Spika alimwahidi nini.

"Litasubiri, mama. Limezoea."

Simu ya Ardith ilitetemeka mfukoni: Corinne, kutoka kwenye bwawa, watoto wakipiga kelele nyuma yake. "Mama, tumeshinda?"

"Hatujashinda kitu, mwanangu. Bado tupo kwenye kura ya Novemba, tena kwa nusu na moja. Rudi kazini."

Alipoikata, Rosalind alikuwa bado amesimama palepale. Alitazama kushoto na kulia, akamsogelea karibu.

"Ardith," alinong'ona, "huko chini ni pai ya nini?"