Kitanda cha Kupeleka Vihiga

Mimi nilipanda juu ya paa la fleti yetu kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya chakra. Hata neno lenyewe sikuwa nimelisikia. Nauza nafaka hapa Umoja, Nairobi, nashinda nikiinua magunia, na mwaka mzima kiuno kilikuwa kikiniuma hadi kuvaa soksi ni lazima niombe msaada. Daktari alikuwa ameshanionya: usipobadilisha unapolala, Norah, hilo duka utalifunga. Basi niliposikia Mama Fahim wa chini anafundisha akina mama mazoezi ya yoga kila Jumanne asubuhi, hapo paani katikati ya kamba za nguo, nikaenda. Alijifunza kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa mwajiri wake miaka mingi kule Ngara. Tena ilikuwa bure, na cha bure mimi sikatai.

Siku ya kwanza akatuambia kwamba chini kabisa ya uti wa mgongo kuna chakra ya mzizi. Wenye elimu hiyo huipa rangi nyekundu, na wanasema hapo ndipo mwili unapouliza maswali yake ya kwanza. Niko salama? Nitakula? Hapa ni kwangu au napita tu? Ikiyumba, mtu anaishi na hofu asiyoijua jina, anakusanya vitu na hatosheki.

"Mama Fahim, hayo si mapepo kweli?" nikamuuliza. "Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mimi naswali swala tano, mama. Simama wima, pumua mpaka kiunoni, halafu uniambie unalalia nini."

Loo! Swali hilo lilinichoma, kwa sababu jibu lake ni aibu. Mume wangu Phares, baba wa binti yetu Winny, ni karani wa reli. Tumeishi vyumba hivi viwili miaka ishirini na sita, na kila kitu kizuri tulichopata kimepandishwa gari kikaenda kwao Vihiga. Makochi, Vihiga. Kabati la vioo, Vihiga. Vikombe vya maua nilivyopokea kanisani kwa mkono wangu huu, Vihiga. Huku tunalalia kitanda cha chuma kilichobonyea katikati kama karai, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Nyumba ya Vihiga ina vyumba vinne na kufuli mbili, na tunalala humo siku tisa kwa mwaka. Wala si sisi peke yetu. Bisha mlango wowote kwenye ngazi yetu, utakuta watu wanakunywa chai kwa vikombe vya plastiki, na seti nzima ya udongo inakula vumbi ushago, huko kijijini kwao.

"Nairobi ni kazini," Phares husema. "Mwenda kwao si mtumwa."

Mama Fahim alinipa vitu vidogo vya kufanya. Nikipima maharagwe, uzito uwe kwenye miguu yote miwili. Nile nikiwa nimekaa, si nikikimbizana na wateja. Kabla ya kufungua duka nivute pumzi kumi nikijiambia niko hapa. Nilifanya, na sitadanganya, mchana nilipata nafuu. Asubuhi maumivu yalinirudia palepale.

"Pumzi haiwezi kupigana na kitanda," Mama Fahim akasema. "Maliza hilo kwanza."

Jumamosi iliyofuata Phares akaleta kitanda kipya. Gitonga, seremala wa Kariobangi, alikuwa amekichonga kwa mvule mtupu, kipana, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Kilikuwa kimepakiwa kwenye pikapu ya Muoki, kijana wa kubeba mizigo, pale getini, na Phares alikuwa amekuja kuchukua kamba tu.

"Kinaenda wapi?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Nyumbani."

Hasira iliyonipanda, sijui niiseme vipi. Nikakanyaga gurudumu, nikapanda juu ya pikapu na kiuno changu kibovu, nikakaa kwenye mbao za kile kitanda. Watu wakajaa kwenye roshani. Aibu niliisikia, lakini sikushuka.

"Mathe," Muoki akasema, "tunaenda ama hatuendi?"

"Muulize mwenye kitanda cha maonyesho," nikamwambia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuwa mgeni miaka ishirini na sita ndani ya nyumba yangu! Nikiharibika mgongo nitakwenda kuutibu kwa kabati la vioo?"

Phares aliangalia chini. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akaja karibu na kuongea polepole, ili roshani zisisikie.

"Mama Winny, baba yangu alipokufa alilazwa kwenye kitanda cha kuazima. Siku ya maziko, watu hawajamaliza hata kula, mwenyewe akaja kukidai. Nilikibeba mimi. Nikaapa watu wakija kwangu hawataona hivyo."

Nilikuwa na mume huyu tangu nikiwa msichana, na hilo hakuwahi kuniambia. Nilimhurumia, jamani, nilimhurumia sana. Lakini sikushuka.

"Kwa hiyo miaka yote hii," nikamwambia, "umekuwa ukipanga matanga yako. Cha kulazwa umekipata. Na cha kulala je, Baba Winny? Mimi bado niko hai."

Akaitupa kamba ndani ya pikapu. Kisha akamwambia Muoki, "Shika upande ule. Tunapandisha juu."

Ngazi ilikuwa nyembamba, wakakwaruza ukuta wote wa ghorofa ya pili, na mwenye nyumba atapiga kelele mpaka mwezi uishe. Saa tisa mchana godoro lilikuwa juu ya kitanda. Nikajilaza, na kwa mara ya kwanza mgongo wangu ukanyooka wote. Phares akalala kando yangu na shati lake la kazini, macho darini.

"Naogopa kufa, Norah," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Lakini leo tuko hapa. Sogea kidogo, ukutani ni kwangu."