Kisu Chini ya Mzigo

Mzinga wa kwanza ulipolia kutoka ngome ya Petrovaradin, Petrija alikuwa ameshawafunga maksai nira. Wa pili ulimkuta Stanoje na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akimkimbilia mkewe nyuma ya gari lililokwisha toka uani.

"Nilikwambia," Petrija alisema bila kugeuka. "Mabwana wakikaa mezani muda wote ule wakitafuta amani, mwisho hutupiana sahani."

Stanoje alirukaruka kwa mguu mmoja. Mwenye kiatu kimoja kwenye theluji hana hoja.

Gari lile halikuwahi kupakuliwa tangu walipowakimbia Waturuki mara ya kwanza, wakarudi, wakakimbia tena. Wenzao wa mji wao wa Karlovci waliweka nguo sandukuni. Wao walitoka nje kufuata shati garini. Ndani yake mlikuwa na mablanketi, chungu, picha ya Mtakatifu Trifun, mlinzi wa mizabibu, na chini ya vyote, kisu cha Stanoje cha kupogolea mizabibu. Petrija ndiye aliyekizika humo. "Anayepogoa ameahidi kuvuna," alisema siku ile, "na sisi tumevunia farasi wa askari vya kutosha." Tangu hapo mizabibu ilijiotea ilivyotaka, ikasokotana kama nywele za mgonjwa, ikazaa vichala vichungu vya kugombaniwa na ndege. Ikikosa kisu msimu huu pia, Stanoje alijua, itabaki kuni tu.

Njia ya msituni ilikuwa imeshajaa mbuzi, watoto na vilio. Kizee mmoja alijitwika mlango wa nyumba yake, asije adui akaufaidi. Hapo ndipo alipotokea jirani yao Sava, mpasua kuni kwenye mahema ya wajumbe wa mazungumzo ya amani, anahema na kucheka kwa pamoja.

"Mnakwenda wapi?"

"Kusiko na vita," Petrija alisema. "Wewe baki uzikwe."

"Shemeji, vita vimekwisha. Wametia sahihi. Hiyo mizinga ni furaha."

"Furaha gani ya kupigwa kwa baruti?"

"Ya wakubwa. Hawajui nyingine."

Hakuna aliyecheka. Sava akaapa kwa marehemu mama yake. Alikuwa pale pale, nje ya ile nyumba ya mbao iliyotobolewa milango minne kwa sababu hakuna bwana aliyekubali kuingia nyuma ya mwenzake. "Waliingia wote kwa mpigo, kama mbuzi walioona mvua. Na Sultani, ambaye tangu enzi za babu zetu kazi yake ni kuchukua, safari hii ameachia. Hungaria karibu yote imekwenda kwa Kaisari wa Vienna."

"Na sisi?" Stanoje aliuliza.

"Wa Kaisari. Mpaka uko kule, upande wa Belgrade."

"Na kodi?" aliuliza yule kizee, mlango ungali kichwani.

"Kodi haijahama, bibi. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuketi mezani."

Hapo kicheko kikawashika wote kama kikohozi. Petrija peke yake aliketi chini, katikati ya theluji.

"Umeumia?" Stanoje alimwinamia.

"Hapana. Miguu imesikia kwamba haikimbii tena. Vaa kiatu, bwana wee, unanitia aibu."

Walirudi nyumbani, lakini gari halikupakuliwa siku hiyo, wala kesho yake. Stanoje aliliacha lilivyo. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba; mwache apumue kwanza.

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Trifun, siku ya kupogoa, aliamka akamkuta mtakatifu ukutani, kwenye msumari wake wa zamani. Mezani palikuwa na mtungi wa divai, na kando yake kisu.

"Kimeota kutu," alisema.

"Na wewe vilevile. Nendeni mkanolewe."

Kilimani alipangusa theluji kwa kiwiko, akakata tawi la kwanza, akamimina divai juu ya jeraha kama alivyofanya baba yake. Wekundu ukachuruzika shinani. Chini uani, Petrija alikuwa ametandaza godoro juu ya gari tupu, analikung'uta kwa fimbo.

Mzinga ukalia ngomeni. Mmoja tu.

Mkono wa Stanoje uliganda. Fimbo ya Petrija nayo ilisimama hewani, na kuku wakainua shingo.

Kisha kutoka uani, fimbo juu ya godoro: puu. Kimya kidogo. Puu.

Stanoje akalishika tawi la pili.