Mita Mbili za Fundi Cherehani

Hospitalini nilimeza kidonge chenye mionzi cha kutibu tezi ya shingo. Nesi akanionya, "Mama, wiki nzima, hadi Jumatatu, usimbebe mtoto. Kaa naye mbali, mita mbili."

Mume wangu ni fundi cherehani. Alipima sebule kwa futi yake ya nguo, akachora mstari kwa chaki, kisha akaongeza inchi moja ya pindo.

Siku ya tatu binti yetu, ambaye alikuwa hajawahi kutambaa, aliniona, akacheka, akaanza kunijia kwa magoti.

"Anatambaa!" mama mkwe akapiga vigelegele.

"Mshikeni!" nikapiga kelele, nikipanda mezani.

"Shuka, mwanangu, anakufuata wewe!"

"Ndiyo maana nimepanda!"

Mume wangu akamdaka mguu. Mtoto akaangua kilio, nami nikalia naye huku nacheka.

"Njoo, mama yangu, njoo," nikambembeleza kutoka juu. "Lakini Jumatatu."