Kifua Changu, Taya la Mke Wangu

Naapa kwa ndevu zangu, humu sijatia chumvi hata punje.

Mke wangu aliamka akiumwa taya, jasho likimtiririka. Tulipofika idara ya dharura, foleni ilikuwa ndefu hata nyoka angeona wivu. Ukutani waliandika: mwenye maumivu ya kifua apimwe moyo ndani ya dakika kumi. Basi nikashika kifua changu, nikaanguka kwa kishindo, madirisha yakatetemeka. Tukaingizwa wote wawili.

Muuguzi akanilaza, akanibandika nyaya, akasoma karatasi.

“Moyo wako wa kijana, mzee. Na mama huyu?”

“Taya tu.”

“Taya tu, na jasho lote hili? Shuka, babu!”

Alipopimwa yeye, ulikuwa mshtuko wa moyo. Walimwahi.

Siku ya tatu nilikuwa nawasimulia wagonjwa wodini jinsi nilivyoutambua ugonjwa wake kwa kumtazama tu. Mke wangu akafumbua jicho moja.

“Mwongo wewe! Dakika saba ulilalia kitanda changu. Utazilipa.”

Nazilipa: kila dakika moja kwa wiki nzima ya kupika na kufua. Leo nimeunguza sufuria ya pili.